Jaribio la Lukwele

Tisini na moja.

Mizani ilitaja namba hiyo kwa sauti yake ya upole, kama muuguzi anayekuambia sindano haiumi, kisha ikanyamaza kusubiri kidole gumba cha Zamoyoni.

Zamoyoni hakukitoa. Alikuwa amesimama. Tangu asubuhi kiti kilikuwa kimemkataa. Akikaa anainuka, akiinuka anaenda dirishani, na dirishani hakuna cha kutazama ila ukungu wa Milima ya Uluguru, mweupe, mzito, umejaa mpaka kwenye kioo. Yeye ndiye meneja wa kituo cha Kibwe, meneja mwenye umri mdogo kuliko wote milimani, na jaribio hili lilikuwa lake tangu lilipokuwa wazo tu kichwani. Alipaswa kufurahi. Tisini na moja kwa mia ni uzito ambao mameneja wenye mvi hawajawahi kuupata.

"Nasikia hongera!" Sauti ya Mkurugenzi Rweyongeza ilitoka mezani, kutoka ofisi ya Morogoro mjini. "Binti, umetuonyesha njia. Kesho saa nne asubuhi tuwe hewani wote wawili, ubandike kidole, na Jumatatu migongo yote ya milima iingie zamu ya mtu mmoja. Nusu ya watu watateremka makwao, maji yatabaki yale yale. Nani angeamini?"

"Ndiyo, mzee," alisema Zamoyoni. "Nani angeamini."

Kuamini siku hizi si kazi ya binadamu. Sheria ya Ushahidi ilipitishwa Zamoyoni akiwa bado shuleni, baada ya kampuni moja ya maji kung'oa mabomba ya mji mzima kwa sababu mwenyekiti wake aliamka na wazo. Wazo lenyewe lilikuwa zuri. Mji ndio uliokunywa matope mwaka mzima. Tangu hapo hakuna meneja anayeruhusiwa kuhamisha hata choo bila kupitia Mizani, mashine inayopima ushahidi. Unaiambia unachotaka kufanya. Inakuuliza swali lake moja, "Umejuaje?" Ukisema umesikia, inacheka kimoyomoyo na kukupa sita. Ukisema una uzoefu wa miaka mingi, inakupa ishirini kwa heshima ya mvi. Lakini ukiigawa kazi makundi mawili kwa kura, kundi moja likaenda kwa njia mpya na lingine kwa njia ya zamani, kisha ukalinganisha, hapo Mizani inakusikiliza. Na ikishasikia neno haisahau, wala haikai nalo peke yake. Morogoro wanalipata papo hapo. Wafanyakazi wanaiita Bibi Umejuaje.

Zamoyoni alifanya hivyo hasa. Migongo miwili ya mlima, Kibwe na Lukwele, imetenganishwa na korongo lenye daraja la kamba. Kote kuwili kuna nyavu za nyuzi hai, zilizooteshwa maabara, zinazokunywa ukungu na kuudondosha kwenye mfereji mpaka mjini. Nyuzi hizo zinataka kuchanwa kila alfajiri kwa chanuo refu, la sivyo zinaota ukoga na kuacha kunywa. Mchanaji husimama juu ya ubao uliotokeza nje ya genge la mlima, kiunoni ana mkanda, mkanda una mnyororo, na mnyororo umeshikwa na mwenzake aliye nchi kavu. Jua likichomoza ghafla, nyuzi hujikaza na kumvuta aliye karibu. Mwenzake humrudisha. Ndivyo ilivyokuwa tangu nyavu zilipowambwa.

Swali la Zamoyoni lilikuwa fupi: je, winchi haiwezi kuushika huo mnyororo? Kura ikapigwa. Kibwe wakabaki wawili wawili. Lukwele wakapewa winchi, kila mchanaji peke yake. Msimu mzima wa ukungu ukapita, na hesabu ikatoka: maji sawa, ajali hakuna huku wala kule.

Kasoro yake ilikuwa hapo hapo. Sawa mno. Watu wa Lukwele hawakuyumba hata wiki ya kwanza, walipokuwa hawajaizoea mashine. Zamoyoni alijua jinsi mtu anavyojifunza kitu kipya, maana yeye mwenyewe alipojifunza kupika wali aliunguza masufuria mawili ya mama yake. Mtu hujifunza kwa kukosea. Hawa hawakukosea.

Akafungua kumbukumbu za bangili. Kila mfanyakazi huvaa moja mkononi. Inaonyesha alipo na jinsi moyo wake unavyopiga. Mahali walipo watu Mizani ilikuwa imepima. Mapigo ya moyo haikuyagusa, kwa sababu hayo huwekwa kwa ajili ya daktari na hakuna aliyeiomba iyaguse. Hata Zamoyoni hakuiomba sasa. Aliyafungua mwenyewe, kwa mkono, akayapanga jina juu ya jina.

Sikudhani na Mwantumu, wachanaji wa Kibwe, zamu moja. Kila alfajiri, tangu jua halijatoka mpaka kazi inaisha, moyo wa Sikudhani na moyo wa Mwantumu ilipiga pamoja. Wakipanda, wote wanapanda. Wakitulia, wote wanatulia. Mioyo ya watu wawili haipigi hivyo asubuhi nzima, hata wawe wachumba. Bangili mbili zilikuwa kwenye mkono mmoja.

Basi Sikudhani alikuwa wapi?

Akapitia majina mengine, akakuta jozi nyingine, na nyingine. Akafunga kumbukumbu haraka, kama aliyefungua mlango wa chumba akamkuta mtu anaoga.

*

Mama Perpetua Mloka alikuwa jikoni anachagua maharage. Ndiye nyapara wa migongo yote miwili, mwanamke mpana mwenye sauti inayovuka korongo bila daraja, na ingawa jikoni kulikuwa na wapishi, hakumwamini mtu mwingine kwa maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, meneja. Mbona unatembea kama kuku anayetafuta pa kutagia? Kaa."

Zamoyoni hakukaa. "Sikudhani huvuka daraja alfajiri," alisema. "Anamwachia Mwantumu bangili yake, anakwenda Lukwele. Na si yeye peke yake."

Mikono ya Perpetua ilisimama juu ya ungo. Kisha ikaendelea, polepole zaidi. "Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Mioyo yao imeniambia."

"Bibi Umejuaje anajua?"

"Bado."

Perpetua alitupa kokoto sakafuni. "Deodatus wa Lukwele ana kizunguzungu," alisema. "Tangu mwaka juzi. Kinamjia asubuhi, kinampitia, kinaondoka. Akiwa na mwenzake, mwenzake anamwona anapoanza kulegea, anamvuta, wanacheka, siku inaisha. Winchi haioni mtu akilegea. Inaona wavu tu. Na si Deo peke yake, mwanangu. Kuna wenye mimba changa, kuna wenye magoti mabovu. Kila mtu ana lake."

"Kwa nini hamkuniambia? Jaribio lilikuwa la kujua hayo!"

"Ulituambiaje siku ile?" Perpetua alimkazia macho. "Ulisimama pale nje, na viatu vyako vipya, ukasema, 'Sasa tutaona kama watu wa Lukwele wanaweza.' Mimi nilikuwepo. Tukajua ni mtihani, atakayefeli anateremka. Wewe mgeni akija kwako na unga umekwisha, unamwambia? Unapita uani, unaazima kwa jirani, unasonga ugali, mgeni anakula. Heshima inabaki. Lukwele walipungukiwa. Kibwe tukawaazima, na waliobaki huku wakashikiana, mtu mmoja minyororo miwili."

Zamoyoni alikumbuka. Ni kweli alisema hivyo, neno kwa neno, na aliona fahari aliposema.

"Mama," alisema, "mgeni amekula. Ameshiba. Sasa anasema nyumba hii ina unga wa kutosha, na anataka kubomoa nyumba ya jirani."

Perpetua akauweka ungo chini.

Hakujua. Hakuna aliyejua, si yeye, si Sikudhani aliyevuka korongo gizani msimu mzima kwa miguu yake. Walikuwa wamemwokoa Deo kila asubuhi, na kila asubuhi waliyomwokoa ilikwenda kwenye hesabu kama asubuhi ambayo Deo hakuhitaji mtu. Msaada wao ndio uliothibitisha kwamba msaada hauna kazi. Kuanzia Jumatatu hakutakuwa na jirani wa kuazima kwake, maana Kibwe nao watakuwa mmoja mmoja, na kila mgongo mwingine vilevile.

"Basi mwambie huyo Bibi," alisema Perpetua kwa sauti iliyokauka.

"Ataniuliza nimejuaje. Nikimjibu, atataka majina. Na kumvalisha mwenzako bangili..."

"Ni kufukuzwa, siku hiyo hiyo, na usiajiriwe tena mlima wowote. Najua. Mimi ndiye ninayewasomea kanuni." Perpetua aliangalia mlangoni. "Sikudhani ana mama yake kitandani. Hana mwingine. Ukisema, umemuua huyu. Usiposema, umemuua Deo. Wewe ndiye uliyesoma, meneja. Uchague."

*

Hakulala, na alipokata tamaa ya kulala alivaa koti akatoka, ingawa alfajiri ilikuwa ndiyo kwanza inapauka. Alitaka kuona kwa macho yake. Hivyo alijiambia. Ukweli ni kwamba hakuweza kukaa mahali pamoja na kichwa chake.

Daraja la kamba lilikuwa limelowa. Kufika katikati akasimama, akatega sikio. Hakuna hatua mbele, hakuna hatua nyuma. Hapo ndipo alipoelewa, na akaanza kukimbia. Sikudhani hakuwa amevuka. Mama Perpetua, kwa kuogopa kwamba meneja sasa anajua, alikuwa amewakataza watu wake. Kumwuliza tu nyapara kulitosha kumwacha Deodatus peke yake.

Alimkuta kwenye ubao wa tatu. Mwanamume mrefu, mgongo umelowa, chanuo linakwenda juu na chini kwa mwendo mzuri wa mtu aliyeizoea kazi. Taa ya winchi ilikuwa ya kijani. Zamoyoni akapumua. Alitaka hata kujicheka.

Kisha chanuo likasimama.

Halikuanguka. Lilisimama tu, limeegemezwa kwenye wavu, na Deo akaegemea chanuo, kama mtu anayewaza. Magoti yake yakaanza kukunjika taratibu. Winchi ilihisi uzito ukienda mbele. Ilikuwa imefundishwa kwamba mchanaji anayeinama mbele anataka kufikia wavu wa mbali, kwa hiyo ikafanya ilivyofundishwa, kwa adabu kabisa. Ikalegeza mnyororo. Taa ikabaki kijani.

"Deo!"

Zamoyoni aliudaka mnyororo kwa mikono mitupu. Ulimpita viganjani unaunguza, akaushika tena, ukampita tena, akajitupa chini na kukaza miguu kwenye nguzo. Uzito wote wa mtu mzima ukamjia mabegani. Deo alikuwa amekwisha kutoka kwenye ubao. Ananing'inia, kichwa kimelala kifuani, chini yake weupe mtupu usio na mwisho. Na winchi inaendelea kulegeza.

"Zima! Zimeni kitu hiki!" Hakukuwa na wa kumzimia. Ndiyo maana ya zamu ya mtu mmoja.

Alisikia mbao za daraja zikilia. Mtu anakimbia. Sikudhani, mwembamba, miguu peku, alipita kando yake bila kumwangalia, akaipiga winchi teke mahali anapopajua yeye, ikanyamaza. Kisha akaushika mnyororo mbele ya Zamoyoni.

"Usivute kwa mikono," alisema, "utachoka. Lala nyuma. Nikisema haya, unalala. Haya!"

Wakalala. Wakalala tena. Deo akapanda kidogo kidogo mpaka mkanda wake ukafika kwenye ubao, Sikudhani akamshika kola, wakamburuta nchi kavu kama gunia. Alifumbua macho akawaona wanawake wawili wanahema juu yake, mmoja wao meneja.

"Nilikuwa napumzika tu," alisema Deo.

"Pumzika nyumbani kwako, mbwa wee!" Sikudhani alimpiga kofi la bega, kisha akakaa chini na kulia, kwa sauti, bila kujificha. "Niliambiwa nisije. Nikakaa. Nikasema nisubiri kidogo tu. Kidogo tu!"

Zamoyoni alitaka kulia pia, lakini hasira ilimzuia. Hasira yake mwenyewe juu yake mwenyewe. Viganja vilikuwa vinatoa damu. Watu walikwisha kuanza kukusanyika kutoka Kibwe, Mwantumu, wengine, na Mama Perpetua akitweta nyuma yao wote.

"Saa nne nitaulizwa," aliwaambia. "Majina yenu sitayataja. Nimeyaona, lakini si yangu kuyatoa. Mjue tu kwamba bila majina sidhani kama litabadilika lolote. Nitajaribu."

Perpetua alikuwa anaitazama mikono ya Zamoyoni.

"Mzigo wa mwenzio kanda la usufi," alisema mwishowe. "Leo umeubeba kidogo. Nenda ukafungwe hivyo vidonda."

*

"Pole sana kwa ajali," alisema Mkurugenzi Rweyongeza. "Nashukuru Mungu huyo bwana ni mzima. Mafundi watairekebisha winchi. Sasa tumalize. Mizani, hesabu ya mwisho?"

"Tukio moja limeongezwa," ilisema Mizani. "Uzito wa ushahidi: tisini."

Ilikuwa imepunguza namba moja. Maisha ya Deodatus yalikuwa na uzito wa namba moja, na Zamoyoni, aliyejifunza mambo haya chuo kizima, alijua kwamba mashine haikukosea. Kisa kimoja hakiangushi msimu mzima. Angekuwa yeye Mizani, angefanya vilevile. Hilo ndilo lililomuuma.

"Jaribio lenyewe ni bovu," alisema. Alikuwa amesimama tena, mikono imefungwa bendeji nyeupe. "Lukwele hawakuwa peke yao hata siku moja. Watu wa Kibwe walikuwa wanavuka kuwashikia minyororo. Hatukulinganisha mmoja na wawili. Tulilinganisha wawili na wawili."

"Umejuaje?"

"Leo nilishika mnyororo mwenyewe."

"Hiyo ni leo. Siku nyingine umejuaje?"

Mapigo ya moyo yalikuwa hapo, kwenye kumbukumbu, umbali wa maneno mawili. Angesema "linganisha mapigo", basi. Mizani ingeyapanga kabla hajafunga mdomo, na jaribio lingekufa, na Deo angepona, na Sikudhani angekuwa njiani kushuka na kifurushi chake kabla ya chakula cha mchana. Maneno mawili.

"Siwezi kusema," alisema.

"Usichoweza kusema hakina uzito. Tisini."

"Zamoyoni." Rweyongeza hakuwa mkali, alikuwa amechoka, kama baba mbele ya mtoto anayekataa dawa. "Ninakuheshimu. Lakini sheria hii ilitungwa kwa ajili ya watu wanaosema 'najua tu'. Bandika kidole."

"Sibandiki, mzee."

"Nitamleta mwingine Jumatatu. Atabandika."

"Mlete. Mimi sibandiki."

Kwenye dirisha ukungu ulikuwa unaanza kupasuka, na kwa mbali nyuzi zilionekana zikijikaza kwa jua. Zamoyoni alizitazama. Amekwisha kupoteza kazi, na hakumsaidia mtu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, husema watu, lakini hakuna anayekuambia ufanye nini ulimi ukikaa kimya na mtu akafa vilevile.

Mlango uligongwa, ukafunguliwa kabla hajaitikia.

Sikudhani aliingia. Miguu bado peku, ina tope la Lukwele. Nyuma yake Mwantumu alikuwa anajifuta viatu kizingitini kwa uangalifu mkubwa, kama anayetafuta sababu ya kuchelewa kuingia. Nyuma ya Mwantumu, kwenye ukumbi, kulikuwa na vichwa. Si wote. Zamoyoni alihesabu kwa macho, akaona kwamba wengine hawakuja, na hakuwalaumu. Mama Perpetua alisimama kando ya mlango amefumbata mikono, hasukumi mtu kuingia wala kutoka.

"Nani hao?" aliuliza Rweyongeza mezani. "Meneja, nani ameingia?"

Sikudhani labda hakujua sauti inatoka wapi. Alikuwa anatafuta Mizani, akigeuka huku na huku, mpaka Zamoyoni akamwonyesha kwa kidevu kile kisanduku cha kijivu juu ya kabati, kilichofunikwa kitambaa cha kufuma ili kisipate vumbi. Akakisogelea. Akavua bangili yake, akaiweka juu ya kile kitambaa.

"Sikudhani," alisema Zamoyoni kwa sauti ya chini. "Unajua kitakachofuata?"

"Najua."

"Mama yako je?"

"Mama ndiye aliyenituma." Mkono uliovuliwa bangili ulikuwa na alama nyeupe. Akainua uso kuelekea kisandukuni. "Wewe Bibi. Mimi ni Sikudhani wa Kibwe. Msimu mzima nilikuwa Lukwele, ubao wa tatu, nimeushika mnyororo wa Deo. Siku nilizomvuta ni nyingi. Ukitaka nitakwambia moja moja."

Mizani iliuliza lile swali lake, kwa sauti ile ile ya upole, na safari hii haikuwa inamuuliza Zamoyoni.

"Umejuaje?"

"Nilikuwepo," alisema Sikudhani.